TREKTA NDOGO NA MAHALI PA KANYAGIO LA BREKI

Somo kwa mkulima anayenunua trekta na kwa dereva anayeiendesha

Mkulima anayekwenda kununua trekta ndogo kwanza huuliza bei yake. Kisha huuliza ina nguvu za farasi ngapi, inakunywa mafuta kiasi gani, na itavuta plau ya visahani vingapi. Haya ni maswali mazuri. Lakini liko swali moja ambalo ni wachache wanaouliza, nalo ni hili: kanyagio la breki liko wapi, na ni mguu upi utakaolikanyaga?

Huenda ukaona ni jambo dogo. Trekta mbili zenye nguvu sawa na bei sawa zaweza kuwa na makanyagio yaliyopangwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Dereva aliyezoea moja, akipanda nyingine bila kufundishwa, mguu wake utakwenda pale ulipozoea kwenda. Wazee walisema mazoea yana taabu, na juu ya trekta taabu hiyo huja upesi.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini makanyagio hupangwa namna mbalimbali, kila mpango una faida na hasara gani, na mambo yanayokupasa kufanya kabla ya kununua na kabla ya kuanza kazi.

1. Trekta si motokaa

Katika motokaa mguu wa kulia una kazi mbili: kuongeza mafuta na kukanyaga breki. Trekta ya gia ni tofauti. Mafuta huwekwa kwa mkono, kwa wenzo mdogo ulio karibu na usukani. Dereva akishauweka, injini hushika mwendo ule ule mstari mzima, nayo plau au haro hufanya kazi sawasawa. Hivyo mguu wa kushoto hukaa tayari kwa klachi, na mguu wa kulia hukaa tayari kwa breki.

Tofauti ya pili ni kwamba trekta nyingi zina makanyagio mawili ya breki. Moja hufunga gurudumu la nyuma la kushoto, na jingine hufunga gurudumu la nyuma la kulia. Dereva akifika mwisho wa mstari hukata usukani kushoto na kukanyaga breki ya kushoto peke yake. Gurudumu la kushoto husimama au hupunguza mwendo, la kulia huendelea kusukuma, na trekta hugeuka mahali padogo.

Jambo hili lina faida kwa mazao. Chukua shamba lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 40, yaani karibu eka moja. Dereva asiyejua kugeuka huacha mita 6 kila mwisho wa shamba. Anayejua huacha mita 4. Tofauti ni mita 2 kwa kila mwisho, mara mita 40 za upana, mara miisho miwili: jumla mita za mraba 160. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, mahali hapo pangechukua mashina zaidi ya 700. Tena udongo uliokanyagwa na kugeuziwa trekta mara nyingi hushikamana, maji hayaingii, na mizizi hushindwa kupenya.

Basi breki mbili ni chombo cha kilimo. Lakini chombo hicho hicho chaweza kuua, kama tutakavyoona katika kifungu cha 5.

2. Mfano wa trekta za Ford

Mwaka 1939 kampuni ya Ford huko Marekani ilianza kuuza trekta ndogo iliyoitwa 9N, iliyotumia mtambo wa kunyanyulia zana uliobuniwa na Harry Ferguson. Katika trekta hiyo kanyagio la breki ya kushoto liliwekwa upande wa kushoto, pamoja na klachi. Kanyagio la breki ya kulia liliwekwa peke yake upande wa kulia.

Mpango huo una faida iliyo wazi. Mguu wa kushoto ni wa gurudumu la kushoto, na mguu wa kulia ni wa gurudumu la kulia. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hawezi kusahau. Lakini tazama hasara yake. Mguu wa kushoto umepewa kazi mbili, klachi na breki. Dereva akitaka kukanyaga klachi na kufunga gurudumu la kushoto kwa wakati mmoja, mguu mmoja hautoshi. Na akitaka kusimama upesi kwa breki zote mbili huku klachi imekanyagwa, anapata shida ile ile.

Mwaka 1947 Ford walitoa trekta mpya, 8N. Katika hiyo makanyagio yote mawili ya breki yaliwekwa upande wa kulia, na klachi ikabaki peke yake kushoto. Sasa mguu wa kushoto una kazi moja tu, na mguu wa kulia waweza kukanyaga breki moja au zote mbili. Trekta nyingi za gia zilizofuata, hata za leo, zimepangwa hivyo.

Je, mpango wa pili hauna hasara? Unayo. Makanyagio mawili sasa yako karibu karibu, na mguu mmoja lazima uchague. Dereva mwenye haraka, au mwenye buti lenye matope, aweza kukanyaga moja akidhani amekanyaga yote. Kwa sababu hiyo trekta za namna hii zinahitaji komeo la kuyaunganisha makanyagio mawili yawe kama moja.

Hapa ndipo penye fundisho la somo hili. Aliyebuni mpango mpya aliondoa taabu moja na kuleta nyingine. Hakuna mahali pa kanyagio pasipo na hasara. Kazi ya mkulima ni kuijua hasara ya trekta yake mwenyewe na kujikinga nayo.

3. Mguu wa kulia ukipewa kazi mpya

Trekta nyingi ndogo za siku hizi, za nguvu za farasi 20 hadi 40 hivi, hazina gia za kubadilisha kila mara. Zina pampu inayosukuma mafuta mazito kwenda kwenye mota, na mota hiyo huzungusha magurudumu. Mpango huu huitwa haidrostati. Dereva huendesha kwa kanyagio la mwendo: ukikanyaga zaidi trekta hukimbia zaidi, na ukiondoa mguu hupunguza mwendo na kusimama. Ni rahisi kujifunza, na inafaa sana kwa kazi ya kwenda mbele na nyuma, kama kubeba samadi kwa kijiko cha mbele.

Lakini kumbuka tulivyosema juu ya trekta ya gia: mguu wa kulia ulikuwa umeachiwa breki. Katika trekta ya haidrostati mguu wa kulia sasa una kazi ya mwendo. Basi breki iende wapi? Ziko njia mbili.

Njia ya kwanza: breki kulia, pamoja na kanyagio la mwendo. Faida yake ni kwamba dereva hawezi kwa urahisi kukanyaga mwendo na breki pamoja. Lazima auondoe mguu kwenye mwendo, na hapo trekta imeanza kupungua yenyewe. Aliyezoea motokaa huielewa upesi. Hasara yake ni kwamba mguu lazima uhame. Trekta ikienda kilometa 10 kwa saa, nusu sekunde ya kuhamisha mguu ni karibu mita moja na nusu ya mwendo. Tena ni vigumu kutumia breki ya upande mmoja kugeukia mwisho wa mstari, maana mguu unaotakiwa kukanyaga breki ndio huo huo unaoendesha.

Njia ya pili: breki kushoto, mwendo kulia. Faida yake ni kwamba kila mguu una kazi yake. Mguu wa kushoto waweza kukaa tayari juu ya breki wakati wa kuteremka, na kama breki zimegawanywa, dereva aweza kugeuka kwa breki huku akiendesha. Hasara yake ni mbili. Kwanza, dereva akishtuka aweza kukaza miguu yote miwili, breki ikapigana na pampu. Pili, aliyetoka kwenye trekta ya gia ana mguu wa kushoto uliozoea klachi. Klachi hukanyagwa mpaka chini bila woga. Akifanya hivyo juu ya breki, trekta husimama ghafula, naye hurushwa juu ya usukani.

Kanyagio la mwendo nalo lina namna mbili. Katika baadhi ya trekta ni bao moja linalopinda mbele na nyuma: vidole huipeleka trekta mbele, kisigino huirudisha nyuma. Mguu hauhitaji kuhama, lakini kwenye ardhi ya mabonde kisigino chaweza kugonga bila kukusudia. Katika nyingine ni makanyagio mawili, la mbele na la nyuma. Hapo kosa la kisigino halipo, lakini mguu lazima uhame na kuchagua.

Angalizo: usidhani kwamba haidrostati ni breki ya kutosha. Wenzo wa kuchagua mwendo mkubwa au mdogo ukiwekwa katikati, pampu haishiki tena magurudumu, na trekta iliyo mlimani itateremka. Breki ya miguu na breki ya kuegeshea bado zinahitajika.

4. Nguvu ya mguu na nafasi ya mguu

Kanyagio ni wenzo. Tuseme kutoka kwenye egemeo lake hadi mahali pa mguu ni sentimita 24, na kutoka kwenye egemeo hadi kwenye fito ya breki ni sentimita 6. Nguvu ya mguu huongezeka mara nne. Lakini hakuna faida ya bure: fito ikitakiwa kusogea sentimita 2, mguu lazima usogee sentimita 8.

Katika trekta kubwa sentimita 8 si kitu. Katika trekta ndogo nafasi ni finyu. Kuna giaboksi katikati ya miguu, madigadi pembeni, na usukani juu ya magoti. Mtengenezaji akilifupisha kanyagio apate nafasi, breki inakuwa nzito. Akilirefusha iwe nyepesi, dereva mfupi atashindwa kulifikisha chini bila kusogea mbele ya kiti. Akilipanua lionekane upesi, buti kubwa litagusa la pili. Akiliweka chini karibu na jukwaa, matope na mabua yatajaa chini yake na kulizuia.

Nyenzo za mikono zina habari hiyo hiyo. Wenzo wa gia uliosimama katikati ya miguu ni rahisi na imara, lakini humzuia dereva kushuka upande autakao. Ukiwekwa pembeni, jukwaa huwa wazi, lakini wenzo huo unakaa karibu na wenzo wa kunyanyulia zana, na mkono waweza kukosea. Yako mambo yaliyotengenezwa kwa akili sana. Katika trekta ndogo ya Ferguson TE20, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, dereva aliwasha injini kwa kuusogeza wenzo wa gia wenyewe mahali maalumu. Kwa hiyo injini haikuweza kuwashwa kwa stata huku gia imeingia. Wenzo mmoja ulifanya kazi mbili, na kazi ya pili ilikuwa kulinda maisha.

5. Hatari ya breki mbili barabarani

Sasa tufikiri juu ya dereva mmoja. Amelima asubuhi, naye aligeuka vizuri kwa breki moja moja, komeo likiwa wazi. Saa kumi jioni amefunga tela lenye magunia ya mahindi, akashika njia ya nyumbani. Amechoka. Hakulirudisha komeo. Njia inateremka, trekta inakwenda kilometa 20 kwa saa, yaani zaidi ya mita 5 kila sekunde. Mbuzi wanavuka njia. Anakanyaga breki, na mguu wake unashika kanyagio la kulia tu.

Gurudumu la kulia linafunga. La kushoto linaendelea. Trekta inavutwa kulia kwa nguvu, na tela lililo nyuma linaendelea kusukuma. Trekta inageuka upande na kupinduka. Dereva hana nafasi ya kufikiri. Hata trekta inayopinduka kwa nyuma huweza kumaliza kupinduka kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Kama mtoto alikuwa ameketi juu ya madigadi, yeye ndiye wa kwanza kuanguka.

Dereva huyu alijua kuendesha. Kosa lake lilikuwa komeo moja la chuma, dogo kuliko kiganja. Basi shika sheria hizi:

(a) Breki ya upande mmoja ni ya shambani tu, kwa mwendo wa polepole. Kabla trekta haijatoka shambani, shuka ukaangalie kwa macho kwamba komeo limeunganisha makanyagio mawili.

(b) Unapoteremka, weka gia ndogo kabla ya kuanza mteremko. Usikanyage klachi njiani, wala usiweke gia huru. Injini ndiyo breki yako ya kwanza.

(c) Trekta nyingi ndogo zina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Kijiko cha mbele kikijaa, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma hushika ardhi kidogo. Ikiwa trekta yako huendeshwa kwa magurudumu manne, ingiza mwendo wa magurudumu ya mbele kabla ya kuteremka, ili nayo yasaidie kuzuia. Beba kijiko chini, karibu na ardhi.

(d) Katika trekta nyingi breki ya kuegeshea hushikilia makanyagio yale yale. Kama komeo liko wazi, huenda ukafunga gurudumu moja tu, na trekta ikateremka. Unganisha kwanza, ndipo uegeshe.

(e) Kiti kimoja, mtu mmoja. Usipakie mtu juu ya madigadi wala juu ya fito za kuvutia zana.

(f) Sweden ilitoa sheria mwaka 1959 kwamba trekta mpya ziwe na kinga ya chuma ya kumlinda dereva zikipinduka. Ikiwa trekta yako ina upinde wa chuma nyuma ya kiti, uache umesimama na ufunge mkanda. Mkanda hukuweka ndani ya kinga. Lakini kama upinde umelazwa au haupo, usijifunge, maana utafungwa pamoja na trekta inayokuangukia.

6. Kabla ya kununua, keti kwanza

Usinunue trekta kwa kuitazama kutoka chini. Panda, keti, na injini ikiwa imezimwa fanya haya:

(1) Fumba macho. Peleka mguu kwenye breki mara kumi. Kama unakosea hata mara moja, jiulize kama utaweza kuzoea.

(2) Kanyaga kila kanyagio mpaka mwisho. Mgongo ubaki umeegemea kiti. Kama unateleza mbele, sogeza kiti. Kama kiti hakisogei vya kutosha, trekta hiyo haikufai.

(3) Fanya hivyo ukiwa umevaa buti lako la shambani, si viatu vya mjini.

(4) Geuka utazame nyuma kama unayetazama plau. Mguu wako umehama? Umegusa kanyagio jingine?

(5) Fikiri juu ya kazi yako kubwa. Kama ni kulima kwa plau na kupalilia mistari mirefu, trekta ya gia yenye breki mbili kulia itakufaa. Kama ni kubeba na kupakia, kwenda mbele na nyuma mchana kutwa, haidrostati itakupunguzia kazi. Hapo chagua kwa makini mahali pa breki.

(6) Mlete yule atakayeendesha hasa. Ikiwa ni kijana wako, au mama wa nyumbani, au dereva wa kibarua, yeye ndiye aketi. Miguu yako haitaendesha kwa niaba yake.

Ikiwa tayari una trekta mbili zenye mipango tofauti, kila moja iwe na dereva wake. Ikishindikana, dereva anayehama aanze kwa nusu saa mahali tambarare, bila zana, akiwasha, akienda na kusimama, mpaka mguu ujue njia.

7. Kila asubuhi

Ondoa matope na mabua chini ya makanyagio. Futa mafuta na grisi juu yake, ili mguu usiteleze. Kanyaga breki mbili moja moja uone kama zinashuka sawasawa; kipimo cha nafasi ya kulegea kimeandikwa katika kitabu cha trekta yako. Kisha ziunganishe, endesha polepole mahali tambarare, na ukanyage. Trekta isimame bila kuvuta upande. Ikivuta, usiende barabarani mpaka fundi ameirekebisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mguu wa kulia hauna kazi ya mafuta katika trekta ya gia inapolima?
2. Ford walipata faida gani walipohamisha breki ya kushoto kwenda kulia mwaka 1947? Walileta taabu gani mpya?
3. Dereva aliyezoea klachi amepanda trekta yenye breki kushoto. Atakosea nini?
4. Ni wakati gani makanyagio ya breki lazima yaunganishwe?
5. Ni wakati gani dereva asijifunge mkanda?

Majibu ya maswali haya yamo katika vifungu vya 1, 2, 3 na 5. Ukishindwa kujibu moja, soma tena kifungu chake. Ukiyajibu yote, mwite atakayeendesha trekta yako, umwulize na yeye. Asipoweza kujibu la nne, usimpe ufunguo.